Kabla ya Mashine, Afundishwe Karani

Ijumaa ya wiki iliyopita nilikuwa mmoja wa wazazi wanne walioitwa katika shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, anakosoma mwanangu wa darasa la sita. Mwalimu wa darasa hilo amejiwekea utaratibu ambao shule nyingi zingefaa kuuiga. Kila mwezi mzazi mmoja husimama mbele ya watoto akaeleza kazi anayoifanya, jinsi ilivyoanza, na njia ya kuifikia. Mwezi uliotangulia alikuja dereva wa malori yaendayo Tunduma. Safari hii ilikuwa zamu ya mama mmoja, fundi wa kompyuta katika ofisi ya umma, naye alipewa vipindi viwili azungumzie historia ya kompyuta na kazi za teknolojia. Sisi wengine tuliketi nyuma, kwenye madawati ambayo magoti yetu hayakukubaliana nayo.

Nakiri kwamba nilikwenda huko nikiwa na shaka. Mazungumzo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi, nayo hufuata mkondo mmoja. Msemaji huisifu mashine kama kwamba imeshuka kutoka mbinguni, hutaja majina ya matajiri wawili watatu wa Marekani, huwaambia watoto kuwa dunia imekuwa kijiji, kisha huwahimiza wasome kwa bidii. Watoto hupiga makofi. Wanarudi nyumbani na somo moja tu vichwani, nalo ni kwamba wako watu wenye akili mahali pengine, na wajibu wetu sisi ni kununua wanachotengeneza. Hiyo si elimu, bali ni kasumba iliyovaa shati jipya.

Mama huyu hakufuata mkondo huo. Darasa lilisimama likamwamkia, naye alipokwisha kuitikia aliandika ubaoni neno moja, KOMPYUTA, akauliza maana yake. Majibu yalimiminika: mashine, televisheni yenye vitufe, kitu cha kuchapia barua, kitu kilichoko ofisini kwa mwalimu mkuu ambacho hakiguswi. “Kompyuta alikuwa mtu,” akasema. Watoto wakaangua kicheko, maana hata ngeli ilikataa. Lakini alikuwa akisema kweli. Katika lugha ya Kiingereza, kwa muda wa karne tatu hivi, neno hilo lilikuwa jina la mtu aliyeajiriwa kupiga hesabu, kama vile sisi tusemavyo karani au mhasibu. (Wataalamu wetu wa lugha wametuletea tarakilishi na ngamizi, na mabishano hayajaisha. Mimi nitasema kompyuta mpaka watakapopatana.)

Badala ya kuendelea kusema, akawageuza watoto wenyewe kuwa kompyuta. Alichagua madawati ishirini, akayapa namba kwa mfuatano unaopinda kama nyoka kutoka mbele hadi nyuma, akagawa vipande vya karatasi. Kazi ilikuwa kupata 1 mara 1, 2 mara 2, 3 mara 3, na kuendelea hadi 20 mara 20, lakini bila mtu yeyote kuzidisha. Dawati la kwanza lilipewa namba 1. La pili likajumlisha 3, likapata 4. La tatu likajumlisha 5, likapata 9. La nne likajumlisha 7, likapata 16. Kila dawati lilikuwa na mambo mawili tu ya kufanya: kuchukua namba ya kujumlisha iliyotumiwa na wenzao wa mbele na kuiongeza 2, kisha kuiongeza namba hiyo mpya kwenye jumla iliyopokewa. Halafu karatasi inapita. Hivyo mtoto asiyejua jedwali la 13 alitoa jibu la 13 mara 13, yaani 169, kwa kujumlisha tu.

Karatasi ilipofika dawati la ishirini jibu likasomwa: 390. Mwalimu akatikisa kichwa, kwa kuwa 20 mara 20 ni 400. Watoto wa dawati la mwisho wakazomewa, nao wakaapa kwamba hesabu yao haina kosa. Na kweli haikuwa na kosa, maana walipokea 351, wakaongeza 39. Ikabidi karatasi zirudishwe moja moja. Kosa likapatikana katika dawati la kumi na tano, ambako 196 na 29 zilikuwa zimefanywa 215 badala ya 225. Madawati matano yaliyofuata yalikuwa yamefanya kazi yao kwa uaminifu kabisa, na yote yalikuwa yamepotoka. Mtumishi wa umma aliyewahi kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake hatahitaji ufafanuzi wa jambo hili.

Mchezo huo haukuwa wa kubuni. Katika miaka ya 1790, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mhandisi Gaspard de Prony alipewa kazi ya kutayarisha majedwali makubwa ya hesabu kwa matumizi ya upimaji wa ardhi. Aligawa kazi katika matabaka matatu. Juu waliwekwa wanahisabati mashuhuri wachache, waliochagua njia ya kukokotoa. Katikati walikuwako wajuzi saba au wanane, waliozigeuza njia hizo ziwe hatua nyepesi. Chini waliketi watu kati ya 60 na 80 ambao walitakiwa kujua kujumlisha na kutoa tu. Wengi wao walikuwa wasusi na watengeneza nywele! Mapinduzi yalikuwa yamewaondoa mabwanyenye na mitindo yao ya nywele, na mafundi hao wakabaki bila kazi. Watu waliopoteza riziki kwa sababu dunia ilibadilika ndio waliojaza majedwali yale kwa penseli na wino. Watoto walilipenda jambo hili kuliko yote. Msichana mmoja, ambaye nadhani nyumbani kwao kuna saluni, aliomba lirudiwe.

Mwingereza Charles Babbage aliutazama mpango ule wa de Prony akaona jambo ambalo mtu yeyote aliyeketi katika darasa letu siku ile angeweza kuliona: ikiwa tabaka la chini halifanyi ila kujumlisha, basi magurudumu ya chuma yanaweza kujumlisha mahali pao, tena bila kusinzia katika dawati la kumi na tano. Mwaka 1822 aliitangaza mashine yake. Serikali ya Uingereza ikatumia zaidi ya pauni 17,000 juu yake, mashine haikukamilika, na mwaka 1842 fedha zikakatwa. Mwaka uliofuata, 1843, Ada Lovelace alichapisha maelezo kuhusu mashine nyingine ya Babbage, akionyesha kwamba chombo kinachofuata maagizo kinaweza kushughulikia mambo yasiyo namba, hata muziki, mradi mambo hayo yaandikwe kwa kanuni. Na kanuni zenyewe, hatua kwa hatua, ni za zamani zaidi ya hapo. Neno algorithimu linatokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, na sifuri tunayoiandika kila siku imetufikia kwa Kiarabu. Huko mama yule alipita upesi, na nilisikitika kidogo, lakini saa haikumngoja.

Aliposhika habari za sensa darasa lilitulia, kwa sababu sensa wanaikumbuka. Mwaka 1880 Marekani ilihesabu watu wake, na kazi ya kupanga majibu ikala miaka mingi mpaka ikakaribia sensa inayofuata. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika sensa hiyo, Herman Hollerith, akabuni kadi za kutobolewa, kila tundu likiwa na maana yake, na mashine ya umeme ya kuzihesabu. Mwaka 1890 zikatumika, na jumla ya watu ikapatikana katika muda mfupi. Walikuwa milioni 62 na ushei. Sisi katika Sensa ya mwaka 2022 tulikuwa 61,741,120, karibu sawa nao, na makarani wetu walitembea nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Wanafunzi waliokuwa wadogo sana mwaka ule walianza kusimuliana jinsi karani alivyomuuliza bibi umri wake.

Kisha akafika mwaka 1946. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, ilionyeshwa mashine iitwayo ENIAC, yenye uzito wa tani 30 hivi na vioo vya umeme mfano wa balbu vipatavyo 18,000. Ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi, kupiga hesabu za kulenga mizinga. Kabla yake hesabu hizo zilifanywa na wasichana waliosoma hisabati, ambao cheo chao cha ajira kiliandikwa hasa hivyo: kompyuta. Njia moja ya kombora ilimchukua msichana mmoja saa 30 na zaidi. Mashine iliifanya kwa muda wa nusu dakika.

Hapo mama akanyamaza kidogo, akawauliza watoto wasichana wale walikwenda wapi. Sita kati yao walikuwa wamechaguliwa kuifundisha mashine kazi: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumbani ilimo, kwa sababu ya siri za kijeshi. Walipewa michoro ya nyaya, wakaisoma mpaka wakaijua mashine kuliko baadhi ya walioiunda. Siku ya maonyesho mashine ilifanya kazi kwa maagizo waliyoyapanga wao, na jioni karamu ikafanyika bila wao kualikwa. Majina yao yalikaa gizani kwa miaka mingi. Aliyaandika yote ubaoni, na watoto wakayanakili.

Sehemu ya pili ilihusu kazi. Alitoa mfukoni simu iliyokufa na kibamba cha kijani kilichong'olewa katika kompyuta, vikapita mikononi. Akasema kuandika programu ni tawi moja tu la mti mkubwa. Yupo anayetunza mitambo, anayelinda mtandao usivunjwe na wezi, anayepanga takwimu za hospitali. Yupo fundi wa Kariakoo anayefufua simu kwa darubini na risasi ya kuunganishia. Yupo mwanasheria wa kulinda taarifa za watu, kazi ambayo kwetu ina msingi katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Yupo pia mtaalamu wa lugha, kwani mashine haikuzaliwa ikisema Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice, na mtu alilazimika kuketi kuamua “faili” liitweje na “futa” liandikwe wapi.

Na hakuficha upande mwingine wa mti. Ndani ya betri ya simu ile, akasema, kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, pande za Kolwezi na Lubumbashi, na watu wanaosema Kiswahili kama sisi, ijapokuwa kwa lahaja yao. Baadhi yao huchimba kwa mikono. Mimi ningaliongeza vijana wa Nairobi, ambao mwaka 2023 ilifichuliwa kwamba walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha na kuyatia alama, ili mashine za akili mnemba zijifunze kuyaepuka. Hizo nazo ni kazi za teknolojia. Mzazi anayewaelezea watoto ajira za siku hizi bila kuzitaja hizo anawauzia ramani iliyokatwa nusu.

Zilikuwa zimebaki dakika tano. Msichana wa safu ya tatu akainua mkono, akasimama kwa adabu. “Mama, mimi mama yangu ni karani wa masjala. Mashine ikija ofisini kwao, yeye atakwenda wapi?”

Nimehudhuria makongamano yenye viyoyozi na vitambulisho vya shingoni ambako swali hilo halikuulizwa kwa uwazi kama huo. Mama fundi hakumdanganya mtoto. Alimjibu kwamba baadhi ya kazi za masjala zitakwisha, na kwamba mambo mengi yatategemea mama yake atafundishwa nini na lini. Kengele ikalia. Nimelichukua jibu hilo nyumbani na nimelifikiri juma zima, kwa maana naona lina nusu ya pili ambayo haikupata nafasi, nayo inatuhusu sisi watu wa ofisini na wa shuleni kuliko inavyowahusu watoto.

Tazama mambo mawili yaliyotokea yakiwa yamepishana miaka kumi na minne. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi haikuundwa na kiwanda cha silaha wala benki. Iliundwa na J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyouza chai, keki na aiskrimu. Iliitwa LEO, na mwezi Novemba 1951 ilianza kupiga hesabu za thamani ya mikate na keki zilizotoka jikoni. Mwaka 1954 ilikuwa ikitayarisha mishahara ya maelfu ya wafanyakazi. Kampuni ile haikuwa ya kihisani. Ilikuwa kampuni ya kibepari iliyotaka faida na kupunguza gharama za makarani, na hilo hatupaswi kulisahau. Lakini ilifanya jambo moja la busara. Tangu miaka ya 1930 ilikuwa na ofisi ya kuchunguza jinsi karatasi zinavyotembea kutoka meza moja hadi nyingine, kwa hiyo mashine ilipokuja, kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufahamika. Na ilipotafuta watu wa kuandika programu, ilitazama kwanza ndani, miongoni mwa wafanyakazi wake, ikawapa kozi na mtihani. Mmojawapo alikuwa Mary Coombs, aliyekuwa na kazi ya ukarani katika idara ya aiskrimu. Mwaka 1952 alifaulu, akawa mwanamke wa kwanza kuandika programu za shughuli za biashara. Walimu watafurahi kusikia kwamba baadaye maishani alifundisha shule ya msingi.

Jambo la pili ni letu. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ya aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Nia ilikuwa njema: nchi changa, mipango mingi, wahasibu wachache. Lakini wataalamu walikuwa wageni, mipango iliandikwa na wageni, na wenyeji waliofundishwa vya kutosha kuitawala kazi hiyo walikuwa wachache mno. Zikaja kompyuta nyingine chache, hata kufikia saba nchini kote mwaka 1974. Juhudi za kuziweka hesabu za Serikali kwenye mashine zikaingia katika vurugu na hasara. Mwaka huohuo wa 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa idhini maalumu. Marufuku hiyo ilianza kulegea katika miaka ya 1980.

Wako wanaoitaja habari hiyo leo kwa kicheko, kama ushahidi kwamba wazee wetu waliogopa maendeleo. Mimi sicheki. Mtu aliyeunguzwa na chungu ana haki ya kukitua chini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine isiyoeleweka na wenye nyumba ni mgeni anayekula bila kulima. Uamuzi wa kuzuia unaweza kujadiliwa, na gharama yake ilikuwa kubwa, kwani kizazi kizima cha vijana wenye vipaji kilizigusa kompyuta kwa kuchelewa. Lakini chanzo cha msiba hakikuwa mashine. Kama katika mchezo wa darasani, jibu bovu lilionekana katika dawati la ishirini, ilhali kosa lilifanywa mbali huko nyuma, siku mashine iliponunuliwa kabla karani hajafundishwa.

Je, tumelisahihisha dawati hilo? Hatujakaa bure. Mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Mkulima wa Njombe anapokea malipo kwa simu, jambo ambalo mwaka 1974 lingeonekana ndoto. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa vikagawiwa walimu, na huo ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini katika shule moja niliyofika mwaka jana nilivikuta vimefungiwa kabatini pamoja na vikombe vya mashindano ya mpira. Nilipouliza, mwalimu mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaogopa kukiharibu, na kwamba siku ya kugawiwa alifundishwa kukiwasha na kukizima. Nisingethubutu kumlaumu mwalimu huyo. Amefanya kama madawati yale matano, akapokea alichopewa, akafanya alichoambiwa.

Ofisini mambo si tofauti. Mfumo mpya huletwa na barua. Kuna semina ya siku mbili, chai na sambusa, kisha vijana wa kampuni iliyouuza mfumo huondoka na nywila zao. Karani wa masjala, anayejua kwamba faili la Fulani liko chini ya jina la babu yake kwa sababu mwaka fulani alibadili cheti, hakuulizwa kitu. Mfumo unaandikwa bila maarifa yake, halafu unapokwama yeye ndiye anayeambiwa ni mgumu wa kubadilika. Sasa zinakuja mashine za akili mnemba, zinazoandika barua na kufupisha majalada kwa lugha tamu hata pale zinapokosea. Nani atakayegundua kwamba 215 ilipaswa kuwa 225, ikiwa tumemwondoa mtu pekee aliyeijua kazi?

Najua nitakachojibiwa, kwamba fedha za mafunzo hazitoshi. Basi na zinunuliwe mashine kumi badala ya kumi na mbili, na thamani ya hizo mbili iende katika kufundisha watu. Kamati inayoandika sifa za mfumo wa masjala imwite karani wa masjala, hata kama hana shahada, akae mezani tangu siku ya kwanza, na kama ana kipaji afunguliwe njia kama alivyofunguliwa yule wa idara ya aiskrimu. Mwalimu aliyepewa kishikwambi apewe na saa za kukizoea katika ratiba yake, si usiku wakati anasahihisha madaftari. Na mkuu wa shule aliyekifungia kabatini aruhusiwe kukitoa bila hofu kwamba kioo kikipasuka atakatwa mshahara. Hofu hiyo ndogo ya kukatwa imezuia mafunzo mengi kuliko ukosefu wa umeme.

Kuhusu shule, ndugu walimu, mliona wenyewe gharama ya somo lile. Ilikuwa karatasi zilizokatwakatwa na madawati ishirini. Kompyuta pekee ya shule haikutoka ofisini kwa mwalimu mkuu, wala haikuhitajika. Mtoto aliyeshika karatasi yenye 215 mkononi amekwisha kujua programu ni nini, kosa husafiri vipi, na kwa nini kazi hukaguliwa katikati badala ya kungojwa mwisho. Somo la sayansi lina nafasi ya mchezo huo. Wazazi wenye ujuzi wako katika kila mtaa, na wengi wao hawajawahi kuombwa. Nami sina maana ya wahandisi peke yao. Wakala wa kutuma fedha aliyesimama kibandani miaka kumi anajua jambo kuhusu namba, siri na ulaghai ambalo vitabu vyetu bado havijaliandika.

Baada ya kipindi nilimfuata yule msichana wa safu ya tatu nimuulize kama jibu lilimtosha. Alisema limemtosha kidogo. Akaniuliza mimi ninafanya kazi gani, nikamwambia ninaandika magazetini, akataka kujua kama mashine itaandika na hayo pia. Nikamwambia imekwisha kuanza.

Zamu ya mwezi ujao nimeitafutia mtu. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na ushei, alikuwa karani wa hesabu serikalini mnamo mwaka 1970, naye hukumbuka kadi za kutobolewa na siku zilipodondoka sakafuni zikachanganyika. Amekubali kuja kuwasimulia watoto. Ameomba tu asipandishwe ngazi, kwa ajili ya magoti, na mwalimu amekwisha kuomba kubadilishana vyumba na darasa la pili.